Picha za Majengo ya Kale na Majangwa: Mafunzo Kutoka Fort Ternan

Fort Ternan ni kituo kidogo cha reli katika nchi ya Kericho, mahali ambapo njia ya gari la moshi huteremka kutoka milima ya Mau kwenda Muhoroni na Kisumu. Upande wa juu ni nchi ya majani ya chai, yenye mvua na baridi. Upande wa chini ni mashamba ya miwa na joto la uwanda wa Ziwa. Msafiri aliyezoea picha za kalenda, zenye magofu ya pwani na ngamia wa jangwani, hadhani kwamba mahali hapa pana jambo la kumfundisha mpiga picha. Lakini lipo, nalo ni hili: picha ya jengo la kale au ya jangwa ni ushahidi, na ushahidi usioandikwa mahali, tarehe na majina hupungua nguvu mwaka hata mwaka.

Jambo hili limekuwa na maana zaidi siku hizi, maana karani na mkulima wote wawili hubeba kamera mfukoni, ndani ya simu. Zamani kupiga picha kulikuwa kazi ya wachache wenye fedha na vyombo. Leo wapigaji ni wengi, na picha ni nyingi kupita kiasi, lakini zile zitakazomfaa mjukuu ni chache.

NGOME, RELI NA WATU WASIO NA MAJINA

Jina lenyewe la mahali ni kumbukumbu. Neno "fort" maana yake ni ngome, naye Trevor Ternan alikuwa afisa wa jeshi la Kiingereza aliyekaimu ukuu wa serikali ya Uganda katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Wakati ule nchi hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka 1902 ndipo ilipotiwa katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mpaka ukahama, askari wakaondoka, jina likabaki.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ukingoni mwa Ziwa Victoria, mahali palipoitwa Port Florence, yaani Kisumu ya leo, mwezi wa Desemba 1901. Sehemu iliyowataabisha sana mafundi ni hii ya Mau. Kilele cha njia kiko yapata futi 8,300 juu ya bahari, na Ziwa liko yapata futi 3,700 tu; kwa hiyo gari la moshi halina budi kushuka futi zaidi ya 4,000 katikati ya makorongo na misitu. Ili kuyavuka makorongo, kampuni ya American Bridge Company ya Marekani ilileta madaraja 27 ya chuma, yakasimamishwa kipande kwa kipande. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa ajili ya reli nzima, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Waafrika nao walifanya kazi katika njia hiyo, wengine wakichukua mizigo na wengine wakichimba udongo.

Habari hizi zote hazikuachwa katika barua na hesabu tu. Mpiga picha William Young alipiga picha nyingi za reli ya Uganda katika miaka ile ya ujenzi. Kamera ya wakati huo ilikuwa sanduku zito lililosimama juu ya miguu mitatu, na picha ilishikwa juu ya bamba la kioo. Kioo kimoja kikivunjika njiani, kazi ya siku nzima imepotea. Hata hivyo picha za zama hizo zimetufikia, na mtu anaweza kuhesabu ndani yake miguu ya daraja na mataruma yaliyolazwa chini ya reli.

Lakini ziko na upungufu wake. Katika picha nyingi za namna hiyo, maandishi ya chini hutaja daraja, maili na jina la mkubwa wa kazi. Wale watu waliosimama juu ya chuma, wenye nyundo mikononi, hawatajwi hata mmoja. Nyuso zao zaonekana wazi, na pengine wajukuu wao wangali hai, lakini hakuna awezaye kusema, "Huyu ndiye babu." Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo walilisema juu ya biashara, lakini juu ya picha lafaa vilevile.

Gari la abiria la kwenda Kisumu kwa njia hii lilikoma kwa miaka kadhaa, likarudishwa mwezi wa Desemba 1921 plus miaka mia moja kamili, yaani Desemba 2021, baada ya njia ya zamani kutengenezwa. Matengenezo ni jambo jema, lakini fundi atengenezapo hubadili: bati kuukuu hutolewa, ukuta hupakwa rangi, taruma la zamani hutupwa. Yeyote aliyepiga picha za vituo na madaraja kabla ya kazi hiyo, akaziandika vizuri, ana hazina ambayo hawezi mtu kuipiga tena.

NYUMBA YA MAAJABU NA MNARA WAKE

Reli hiyo ilianzia pwani, na pwani ndiko kwenye majengo yaliyopigwa picha mapema kuliko mengi ya bara. Mji wa Unguja ulikuwa na studio za wapiga picha tangu karne ya 19, miongoni mwao ile ya A. C. Gomes, mtu wa asili ya Goa. Jengo moja lililopigwa picha mara nyingi sana ni Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, iliyojengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883 mbele ya bahari.

Jengo hili lafundisha jinsi picha isemavyo. Katika picha za mwanzo mnara waonekana ukisimama peke yake mbele ya majumba ya Sultani. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga makao ya Sultani kwa mizinga, kwa muda usiotimia saa moja. Mnara ule uliharibika, na katika matengenezo yaliyofuata mnara wa saa ukaunganishwa na uso wa Beit al-Ajaib yenyewe. Kwa sababu hiyo, mtu akipewa picha kuukuu isiyo na tarehe, hutazama mnara kwanza. Ukiwa peke yake, picha ni ya kabla ya vita vile. Ukiwa umeshikamana na nyumba, picha ni ya baadaye. Mpiga picha hakuandika mwaka, lakini jengo limemwandikia.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Msiba huo uliwakumbusha watu kwamba jengo la mawe na chokaa halina ahadi ya kudumu, hata likiwa maarufu namna gani, na hata likiwa ndani ya Mji Mkongwe uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Fundi apaswaye kujenga upya huuliza maswali ya kawaida kabisa: nguzo zilikuwa ngapi? Ubao wa roshani ulikatwa namna gani? Mlango ulifunguka upande gani? Picha ya mtalii aliyesimama mbele ya mlango, mikono kiunoni, akiuziba mlango wote, haimjibu. Picha iliyopigwa kwa utulivu, yenye uso mzima wa nyumba, humjibu.

KIPIMO NDANI YA PICHA

Fort Ternan ina jambo la pili la kufundisha, nalo linatoka chini ya ardhi. Katika shamba la mkulima Fred Wicker palionekana mawe yenye mifupa ya wanyama wa zamani sana. Mwaka 1961 Dr. Louis Leakey na watu wake walichimba hapo, na mwaka 1962 akatangaza mabaki ya taya la kiumbe cha jamaa ya nyani, akakiita Kenyapithecus wickeri kwa kumkumbuka mwenye shamba. Wataalamu walipima umri wa tabaka lile wakaona ni miaka milioni 14 hivi. Palipatikana pia mifupa ya swala na ya jamaa za twiga wa kale. Sababu ya mifupa hiyo kuhifadhika ni majivu ya volkano, kwa kuwa mlima wa Tinderet, ulio karibu, ulikuwa ukitoa moto zama hizo.

Kazi ya kuchimba mifupa ina desturi moja ambayo kila mpiga picha wa majengo yampasa kuiga. Mfupa haupigwi picha hivi hivi. Kando yake huwekwa kipimo chenye alama, na mshale unaoonyesha upande wa kaskazini, kisha mahali pake huandikwa katika daftari kabla haujainuliwa. Bila hivyo jino la panya na jino la tembo yaweza kuonekana sawa katika picha.

Ukuta nao ni vivyo hivyo. Kijiti cha futi sita, kilichopakwa rangi nyeupe na nyekundu kwa zamu kila futi moja, kikiegemezwa ukutani, hutosha. Asiye na kijiti atumie jembe ambalo amekwisha pima mpini wake. Kwanza apige picha ya pande zote nne za jengo. Pili, picha moja ya mbali inayoonyesha njia, miti na nyumba za jirani. Tatu, picha za karibu za milango, madirisha, bawaba na maandishi yaliyochongwa. Asiinue kamera juu kuelekea paa, maana kuta zitaonekana zikianguka kwa nyuma. Heri arudi hatua nyingi nyuma na kuishika kamera wima.

Saa ya mwanga nayo ina kazi yake. Jua la saa sita huufanya ukuta uonekane kama karatasi tupu. Asubuhi na alasiri mwanga huja kwa ubavu, na kila jiwe hutoa kivuli chake. Jambo hili huonekana vizuri Thimlich Ohinga, katika nchi ya Migori, ambako kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa zimesimama kwa mamia ya miaka, na mahali pengine urefu wake hupita futi 10. Kuta hizo zilitiwa katika urithi wa dunia mwaka 2018. Mtu akizipiga adhuhuri atapata rundo la mawe. Akizipiga saa moja na nusu asubuhi ataona jinsi mikono ya wajenzi ilivyochagua jiwe moja baada ya jingine.

JANGWANI

Watu wengi hudhani kwamba majengo hubadilika lakini jangwa ni lile lile siku zote. Hayo si kweli, na mwenye kamera yampasa kuyajua kabla hajasafiri kwenda kaskazini.

Kwanza, jangwa lina kumbukumbu zake chini ya mchanga, kama vile Fort Ternan ilivyo nazo chini ya majivu. Mwaka 1984, mahali paitwapo Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu. Kazi iliyofuata ilitoa karibu mifupa yote ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Msafiri akiokota mfupa au jiwe lililochongwa ili kulipiga picha mahali pengine penye mandhari nzuri, ameharibu ushahidi usioweza kurudishwa. Aupige picha pale pale ulipo, auache, kisha atoe habari kwa watu wa makumbusho.

Pili, sura ya jangwa hubadilishwa na kazi za watu. Karibu na Loiyangalani upepo ni mkali karibu mwaka mzima. Tangu mwaka 2018 upepo huo umekuwa ukileta umeme katika nyaya za taifa, kwa mitambo 365 iliyosimama katika nchi ya Marsabit. Picha ya nyika ile iliyopigwa kabla ya mitambo kusimamishwa haiwezi kupigwa tena. Si lazima mtu asifu au alaumu. Yatosha aandike mwaka.

Mfano mwema wa mpiga picha wa jangwa ni Wilfred Thesiger, Mwingereza aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1910. Kati ya mwaka 1946 na 1948 alilivuka mara mbili jangwa kubwa la Arabuni liitwalo Rub al-Khali, akifuatana na Mabedui wa kabila la Rashid, miongoni mwao Salim bin Kabina na Salim bin Ghabaisha. Alichukua kamera ya Leica na filamu ya rangi nyeusi na nyeupe. Alipofika Abu Dhabi mwaka 1948 aliipiga picha ngome ya Qasr al-Hosn, wakati mji ulikuwa mdogo, kabla ya fedha ya mafuta kuugeuza kuwa mji wa majumba marefu. Baadaye alitembea kwa miguu na ngamia katika nchi za Wasamburu na Waturkana, akakaa miaka mingi Maralal. Alikufa mwaka 2003, na picha zake za filamu zipatazo 38,000 zimehifadhiwa katika jumba la Pitt Rivers Museum, mjini Oxford.

Katika picha zake wenzake wana majina. Wale waliomwonyesha visima na kumwokoa na kiu hawakuachwa kuwa "Bedui mmoja" tu. Tukizilinganisha na zile picha za madaraja ya Mau, tofauti iko wazi: pale chuma kina jina na mtu hana, hapa mtu ana jina, na picha imekuwa mali ya jamaa yake pia.

Kazi yenyewe jangwani ina taabu zake. Chalbi, mashariki ya Ziwa Turkana, katika nchi ya Wagabra, ni uwanda wa chumvi ing'aayo. Kamera hudhani weupe ule ni mwanga uliozidi, ikatoa picha yenye rangi ya majivu. Kwa hiyo yampasa mpiga picha aiongezee mwanga kidogo kuliko kipimo chake kinavyosema. Mchanga ni adui wa kioo na gurudumu zote ndogo za ndani. Kamera isifunguliwe upepo ukivuma, na ikae ndani ya mfuko wa kitambaa kizito. Isiachwe ndani ya motokaa iliyofungwa juani. Mvua kubwa ikinyesha, uwanda wa Chalbi hugeuka tope linalonasa magari. Kwa hiyo msafiri asiende peke yake, asidharau neno la mwenyeji, wala asipunguze maji ili apate nafasi ya vyombo vya picha.

RUHUSA NA HESHIMA

Mtu si gofu. Mpiga picha akimkuta mzee mlangoni pa nyumba ya kale, au mama kisimani, hapana budi kuamkia kwanza, kueleza haja yake, na kukubali akikataliwa. Nyumba ya ibada ina masharti yake, na kaburi lina wenyewe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na urithi inalinda magofu na mabaki ya kale, na mahali penye walinzi na ada, mgeni hufuata kanuni za mahali. Mali ya reli vilevile haingiwi bila idhini, wala daraja la gari la moshi si mahali pa kusimama ili kupata picha nzuri.

DAFTARI LA PICHA

Mkulima wa kahawa wa Fort Ternan, au karani wa kiwanda cha chai Kericho, pengine hatafika Unguja wala Chalbi. Lakini wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Karibu naye pana stesheni ya zamani, madaraja ya chuma, maduka ya mabati yaliyojengwa na Wahindi, makanisa ya kwanza, viwanda vya chai vya zamani, na nyumba za duara za Wakipsigis zilizoezekwa kwa nyasi, ambazo kila mwaka hupungua. Wageni walikwisha piga picha za nchi hii kwa mahitaji yao. Wenyeji ndio wajuao nani alijenga, nani alikaa, na mlango ulitazama wapi.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Yahitaji daftari la mistari, na kila picha ipewe namba. Mbele ya namba yaandikwe mambo sita: mahali, jengo, upande uliopigwa, tarehe na saa, majina ya watu waliomo kutoka kushoto kwenda kulia, na jina la mpigaji. Mzee aliyeeleza habari za jengo aandikwe pia, kama amekubali. Picha zilizo ndani ya simu zinakiliwe mahali pawili, kwa maana simu huanguka majini na huibwa. Zile zilizo bora zichapishwe katika karatasi na kuwekwa mahali pakavu, mbali na mchwa. Nakala moja yaweza kupelekwa shuleni au katika nyumba ya kumbukumbu za taifa mjini Nairobi.

Jioni moja ya kuuliza wazee, na asubuhi moja ya kutembea na kamera wakati jua lingali chini, zatosha kuanza. Ukurasa wa kwanza ukisha kuandikwa, ule wa pili huwa mwepesi.